Binti yangu anakwenda kulala porini na watu nisiowajua

MASWALI NA MAJIBU YA WASOMAJI

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu Pasaka yangu ya kutembea porini na chama chetu, katika milima ya Blue Mountains, magharibi ya Sydney, Australia. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua nne. Ya kwanza imenishika kama mzazi, kwa hiyo jibu lake ni refu. Wengine mniwie radhi.

*

Shikamoo dada. Binti yangu ana miaka 19, yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Tangu Februari amejiunga na chama cha watu wanaotembea porini. Kila baada ya wiki mbili anaondoka na shanta kubwa kuliko yeye, anarudi Jumapili usiku ana tope hadi magotini. Sasa ananiambia mwezi ujao watalala huko siku mbili, wanaume kwa wanawake, wengine wazee wa miaka 70. Nikimuuliza mnaenda kufanya nini, anajibu, "Kutembea tu, mama." Kwetu Tabora mtu haendi porini bila shughuli. Anafuata asali, kuni, uyoga, au amepotelewa na ng'ombe. Hawa ni watu gani? Ni dini? Baba yake ameniachia mimi nimkataze.
Mama wa binti mmoja, Blacktown

Marahaba mama, na pole kwa wasiwasi. Nami nina binti, na usiku wa kwanza alipolala nje ya nyumba sikufumba jicho.

Si dini. Si siasa pia, wala si wale vijana wanaojificha msituni wanywe pombe mbali na macho ya wazazi. Wenyewe huita bushwalking, na hilo neno bush masikioni mwa watu wa hapa lina mapenzi ndani yake. Sisi tukisema "mwituni" tunasikia wanyama wakali na watu waliokimbia sheria. Wao wanasikia harufu ya majani ya mkaratusi na moto wa chai. Vyama vyao vingine ni vikongwe. Melbourne kipo kilichoanza 1894, na tangu 1922 kina mama wa mji huo wana chao wenyewe. Hobart, kule Tasmania, wana chao tangu 1929.

Cha Sydney nitakisimulia kwa sababu kinajibu moja kwa moja hilo linalokukereketa, la wanaume kwa wanawake.

Mwaka 1914 Myles Dunphy, kijana aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo, alianzisha na rafiki zake wawili, Roy Rudder na Bert Gallop, chama kilichoitwa Mountain Trails Club. Walikuwa wakienda siku nyingi ndani ya mabonde ambayo ramani zake zilikuwa hafifu, na Dunphy akawa anachora za kwake kwa mkono, kwa uangalifu wa mtu anayedarizi kofia. Lakini uliingia kwa kualikwa, na ni wanaume watupu. Basi mwaka 1927 bwana mmoja, Jack Debert, akawaandikia kuulizia mambo ya kutembea. Barua ile ikawafanya wakae chini. Kumbe wako watu wengi mjini wanaotamani kwenda, na wengi wao hawatapata mwaliko kamwe. Kabla mwaka haujaisha kikazaliwa chama kingine, Sydney Bush Walkers, ambacho wanawake na wanaume waliingia wote kama wanachama. Hadi leo kipo.

Na wanawake walioingia mle, mama, ungependa binti yako awafahamu. Marie Byles alikuwa mwanamke wa kwanza kuidhinishwa kuwa solicitor, yaani wakili wa shughuli za ofisini, katika jimbo la New South Wales, mwaka 1924. Siku za kazi yuko ofisini na mafaili, wikendi yuko porini na ramani. Aliupenda ukanda mmoja wa pwani kaskazini ya Sydney, msitu unaoshuka hadi mchangani, akaupigania miaka mpaka serikali ikautenga mwaka 1935. Leo ni hifadhi ya Bouddi. Dorothy Butler, ambaye kila mtu alimwita Dot, alitembea peku. Peku kabisa, kama sisi tulivyokwenda shule. Mwaka 1936, yeye na daktari mmoja, Eric Dark, walipanda jabali la Crater Bluff katika milima ya Warrumbungle, ambalo hakuna aliyekuwa amelipanda kabla yao. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 96. Wazee wa chama chetu waliotembea naye wakimtaja wanashusha sauti, kama sisi tunavyotaja shehe wa mtaa aliyetufundisha alifu.

Dunphy naye alioa, na walipopata mtoto hawakuacha kutembea. Walimtia mwanao Milo katika kigari, wakakisukuma porini kuelekea Kanangra. Kigari wakakibatiza "Kanangra Express", na mbwa wao akashonewa viatu vya ngozi kwa ajili ya mawe. Nakuambia haya ili uone kwamba tangu zamani ni mambo ya familia, na watoto na vizee ndani yake. Wale wa miaka 70 unaowaogopa ndio wanaojua maji yako wapi.

Sasa swali lako kubwa: wanaenda kufanya nini? "Kutembea tu" ni jibu la kweli, lakini binti yako amekuachia nusu ya habari.

Pasaka ya 1931, kundi la watembeaji wa vyama hivyo viwili, likiongozwa na Alan Rigby, lilipiga kambi chini katika bonde la mto Grose, kwenye milima hiyo ya Blue Mountains. Hapo pana tambarare ndogo yenye mikaratusi mikubwa ya buluu iliyonyooka. Wakawakuta watu wawili. Mmoja, mkulima wa matunda aitwaye Clarrie Hungerford, alikuwa amekodishwa ardhi ile na serikali, na mpango wake ulikuwa kuiangusha ile miti apande miti ya jozi, zile kokwa za kupasua. Hakuwa mtu mbaya. Ardhi ilikuwa yake kisheria, na alikuwa anatafuta riziki kama mkulima yeyote. Watembeaji wakarudi mjini na kuitisha kikao. Walimtaka aiachie ardhi, naye akataja bei yake. Wakakubaliana pauni 130.

Fikiria mwaka wenyewe. Mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umeibana Sydney, watu wanapanga foleni ya chakula. Wanachama wengi walikuwa makarani, wapiga taipu, walimu, na wengine hawana kazi kabisa. Walichangishana, wakafanya tafrija za kutafuta fedha, na mtu mmoja mwenye uwezo akawakopesha kiasi kikubwa kilichobaki. Novemba mwaka huohuo walishuka tena bondeni, wakakutana na Hungerford palepale chini ya miti, mvua inanyesha, wakamaliza mambo. Mwaka 1932 msitu ukatangazwa kuwa hifadhi. Kamati iliyofanya kazi hiyo ndiyo iliyozaa shirikisho la vyama vya watembeaji wa jimbo, mwaka huohuo.

Hawakununua msitu ili uwe wao. Walilipa mtu asiukate, kisha wakaukabidhi kwa umma, wakarudi kulipa deni. Nilipoelezwa habari hii mara ya kwanza, nimekaa juu ya gogo na kikombe mkononi, nilimuuliza kiongozi wetu mara mbili kama nimemsikia vizuri.

Nilifika huko kwenyewe mwaka wangu wa pili katika chama. Unateremka kutoka Perrys Lookdown, karibu na Blackheath, kama mita 600 za kushuka, ngazi za mawe na mizizi, magoti yanatetemeka. Kisha ghafla njia inalala, na uko kati ya miti. Mimi ni mtu wa Muheza. Mikaratusi naijua tangu utoto, ile ya nguzo za umeme, iliyopandwa kwa mistari, ambayo wazee wetu huilaumu kwamba inakunywa maji ya visima. Sikuwahi kuiona nyumbani kwake. Magamba marefu yalikuwa yamebanduka na kulala chini kama makuti ya paa lililong'olewa, na shina lililobaki lilikuwa laini, jeupe, lenye kivuli cha buluu kule ambako mvua ilikuwa haijakauka. Niliweka kiganja. Lilikuwa baridi, na lenye unyevu kidogo, kama ukuta wa mtungi. Nilikaa hivyo mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Haki inanitaka niseme na hili: Dunphy na wenziwe hawakuwa wa kwanza katika njia zile. Wagundungurra na Wadharug walikuwa wakipita mabonde hayo maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuyachora kwenye karatasi, na wako hadi leo. Sifurahii hadithi za vyama zinazoanza kana kwamba pori lilikuwa tupu. Mwulize binti yako kama kiongozi wao hutaja ni ardhi ya nani kabla ya kuanza safari. Wa kwetu hutaja.

Sasa ushauri wenyewe, mama. Usimkataze. Ila una haki ya kujua mambo matatu, na chama chochote kinachoeleweka kitakupa bila kununa. Kwanza, jina na simu ya kiongozi wa safari. Pili, njia watakayopita, kwenye ramani, siyo kwa maneno. Tatu, kile wanachokiita saa ya kuanza kuhangaika: wakichelewa, mtu aliyebaki mjini anasubiri mpaka saa fulani, kisha anapiga simu kwa polisi. Mtu huyo huwa anajulikana kabla hawajaondoka. Waulize pia wako wangapi. Wengi hawaendi chini ya wanne, kwa hesabu hii: mmoja akivunjika mguu, mmoja anabaki naye, wawili wanafuata msaada, asiachwe mtu peke yake. Vyama hivi vina kikosi chao cha kutafuta waliopotea porini tangu 1936, wote watu wa kujitolea.

Kuhusu kulala, kila mtu na hema lake, au wasichana wawili hema moja. Na ninavyojua, baada ya kilomita 15 na mzigo, saa mbili usiku watu wote wanakoroma. Mwambie baba yake nimesema hivyo.

*

Dada, baada ya kusoma habari zako nimekubali kujaribu mara moja. Mimi ni wa Mombasa, sijawahi kulala kwenye hema. Nivae nini, nibebe nini, na hawa nyoka wa Australia je?
Kijana wa Parramatta

Anza na matembezi ya siku moja, kijana. Vyama vingi havikupeleki kulala mpaka wakuone unatembea. Utaitwa mwanachama mtarajiwa kwa miezi kadhaa, utoke nao safari chache, ndipo wakupokee. Wengine huona ni kiburi; mimi naona ni busara, maana huko chini kosa la mmoja linabebwa na wote. Katika orodha ya safari utaona kila moja imeandikwa kama ni nyepesi, ya wastani au ngumu. Tazama mita za kupanda, siyo kilomita peke yake. Kilomita 8 zenye kupanda mita 700 zitakutoa jasho kuliko 20 za pwani.

Viatu. Hapa nikusimulie. Safari yangu ya tatu nilivaa buti nilizonunua kwa bei ya kutupa katika duka moja la mjini. Zilionekana ngumu kama za askari. Saa nne asubuhi tunavuka kijito, soli ya mguu wa kulia ikabaki kwenye tope, imeachana na buti kama ganda la ndizi. Nusu saa baadaye ya kushoto ikafuata. Tulikuwa tumebakiza kilomita 9. Kiongozi wetu, mama wa miaka 66, aliniketisha juu ya jiwe, akatoa utepe mpana wa kijivu aliouzungushia chupa yake ya maji, akanifunga soli zote mbili kwa kuzungusha chini ya unyayo na juu ya vidole, kisha akapitisha kamba ya hema kwenye kifundo. Kila baada ya saa moja aliniketisha tena akakaza. Sikusikia neno la lawama, wala hakuniuliza nilinunua wapi. Tangu siku hiyo chupa yangu nayo ina utepe umezungushwa.

Nunua viatu ukiwa umevaa soksi utakazotembea nazo, jioni, wakati mguu umevimba. Vitembelee nyumbani wiki mbili kabla.

Mzigo uwe mwepesi. Huu nao ni urithi wa vyama. Mwaka 1930 Paddy Pallin, Mwingereza aliyehamia hapa na mtembeaji wa Sydney Bush Walkers, alipoteza kazi, akaanza kushona nyumbani kwake mahema na mashanta mepesi kwa ajili ya wenzake, kwa sababu vifaa vilivyokuwepo vilikuwa vizito kama vya jeshi. Kwa siku moja beba maji lita 2 au 3, chakula, koti la mvua, fulana ya sufu hata kama kuna jua, kofia, tochi, na filimbi. Tochi hata kama mnarudi saa tisa mchana. Kila mtu aliyewahi kulala bondeni bila kutaka alikuwa amepanga kurudi saa tisa mchana.

Chakula changu ni dagaa wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, kwenye kikopo kinachofunga vizuri, na mkate. Nikilala huko nabeba unga wa ulezi. Asubuhi ya baridi, wakati wenzangu wanakoroga shayiri zao, nachemsha uji kwenye kopo, natia sukari na tangawizi ya unga. Mara ya kwanza walitazama. Siku hizi nabeba unga wa watu wanne.

Nyoka wapo, na wana sumu kweli. Wengi watakukimbia wakisikia mguu. Nimewaona kama mara kumi katika miaka tisa, mara zote mkia ukiingia majanini. Vaa suruali ndefu na usiweke mkono chini ya gogo au mwambani kabla hujatazama. Beba bendeji mbili pana za kunyumbulika, na jifunze kuzifunga kabla hujaondoka nyumbani. Mtu akiumwa, asitembee hatua hata moja. Usioshe jeraha, usikate, usinyonye. Funga kwa kukaza juu ya jeraha lenyewe, kisha kiungo kizima, toka vidoleni hadi juu, kiegemeze kwa kijiti kisikunjike, na uite msaada kwa namba 000 au kwa kile kifaa cha kurusha ishara kwa setilaiti ambacho chama huazimisha. Mbinu hii ilivumbuliwa hapahapa Australia katika miaka ya 1970, kwa kuwa sumu ya nyoka hawa hupita polepole chini ya ngozi, na bendeji na utulivu huichelewesha.

Watakaokusumbua hasa ni ruba, baada ya mvua. Mimi hupaka chumvi ya mawe kidogo kwenye kingo za soksi. Akishang'ata, mtilie chumvi aachie mwenyewe, usimvute. Damu itatoka nyingi kuliko unavyodhani na haitakudhuru.

Jambo moja ambalo sikuachii uamuzi: siku iliyotangazwa marufuku ya moto, hakuna moto. Hata wa chai, hata jiko dogo la gesi. Kiangazi cha 2019 kuingia 2020 kiliunguza karibu asilimia 80 ya eneo la urithi wa dunia la Greater Blue Mountains. Nilipita huko majira ya kipupwe yaliyofuata. Kwa kilomita nzima hapakuwa na sauti ya ndege hata mmoja, na machipukizi mekundu yalikuwa yametoka kwenye magogo meusi moja kwa moja, bila tawi.

*

Naishi Perth lakini mwaka huu narudi Nairobi moja kwa moja. Nimezoea chama cha kutembea hapa. Je, kwetu hakuna mambo haya?
M. K.

Yapo, na tangu zamani. Mountain Club of Kenya ina historia inayoanzia 1938, na haina wapanda majabali peke yao. Wanaotaka kutembea Ngong au Aberdare watapata wenzao. Ukifika kileleni Nelion, kwenye Mlima Kenya, utakuta kibanda kidogo cha bati cha kulala wachache, ambacho mwanachama mmoja, Ian Howell, alikijenga mwaka 1970. Kama mwendo wako ni wa polepole zaidi, waulize Nature Kenya kuhusu matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege, yanayoanzia makumbusho ya taifa. Beba darubini yako. Huko inauzwa ghali.

*

Jambo mama. Mimi ni mtu wa Uvira, niko Wollongong miaka minne sasa na familia. Nimesoma mambo yako ya kutembea porini na sikufurahi. Sisi tulitembea msituni siku nyingi tukikimbia vita. Mtoto wa ndugu yangu alibaki kule. Sasa shule ya mwanangu imeandika kwamba darasa litaenda kutembea msituni, na wazazi wanakaribishwa. Mtoto anataka niende. Mimi sina nguvu ya kuingia msitu tena. Nimwambie nini?
Baba, Wollongong

Baba yangu, asante kwa kuandika, na pole sana kwa mtoto yule. Mungu ampumzishe. Barua yako nimeisoma asubuhi na nimeisoma tena usiku, na nimekubali kwamba niliandika kuhusu pori kana kwamba kila msomaji ameliona kama nilivyoliona mimi. Nilikulia ukingoni mwa milima ya Usambara. Bibi yangu aliingia msituni kuchuma mboga, akarudi anaimba. Msitu wangu haujawahi kuninyang'anya mtu.

Huna deni la kwenda. Mwambie mwalimu, kwa maneno machache tu, kwamba utawapokea mwisho wa njia, na ubebe maembe au juisi ya watoto. Mtoto atakukuta pale anapomaliza, na hilo linatosha kabisa kwa mtoto. Ukimwona mwalimu ana utu, mweleze sababu. Mtoto naye mwambie ukweli unaolingana na umri wake: baba alipita msituni wakati mgumu, na mguu wake bado unakumbuka.

Kuna sehemu moja ambayo nataka uijue, siyo ili uende. Katika milima inayoitwa Wild Dog, ng'ambo ya Katoomba, kuna mlima Dingo, na mwisho wake mwamba unaotazama bonde la mto Cox. Wanauita Splendour Rock. Vita Kuu ya Pili ilichukua vijana wa vyama hivi vya watembeaji. Wenzao waliorudi hawakutaka sanamu mjini. Walibeba bamba la kumbukumbu kwa miguu, wakalipigilia juu ya mwamba ule, na alfajiri ya tarehe 25 Aprili 1948 wakakusanyika pale kuwakumbuka. Hadi leo, siku hiyo, watu hulala karibu na kuamka gizani wasimame mwambani kabla ya jua. Nimesimama pale mara moja. Hakuna hotuba ndefu. Mtu mmoja mzee karibu yangu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na hakuivaa tena mpaka tuliposhuka.

Wengine wao walikuwa wametoka katika misitu ya New Guinea, ambako walipigana na kuzika wenzao. Miongoni mwao wapo waliorudi kutembea porini mwezi uleule, na wapo ambao hawakuingia tena maisha yao yote. Chama hakikuwauliza.

Ukitaka siku moja, siku unayoitaka wewe, kuna njia isiyo ya msitu mzito. Kati yenu na sisi, kwenye reli ya pwani, kuna stesheni ndogo ya Otford, ambapo inaishia njia ya kilomita 26 kutoka Bundeena kupitia hifadhi ya Royal. Huhitaji kuitembea. Kutoka stesheni unapanda kidogo, unafika mahali peupe, bahari yote iko chini yako, na ukigeuka bado unasikia treni.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mimi huwa pale kwenye benchi la stesheni kuanzia saa tatu asubuhi, nawasubiri wenzangu, na chupa ya chai ya tangawizi. Treni yenu ya kutoka Wollongong inasimama. Njoo na mtoto. Mkitaka kubaki kwenye benchi, tutabaki kwenye benchi.